Kidonda Nilichomficha Mkwe Wangu

Kabla sijaugua, watu wa upande wetu wa Malakisi walikuwa wananiita Redio. Hawakunikosea. Nilianza kuongea nikiwasha moto wa asubuhi, na niliongea mpaka mume wangu, mzee Makokha, anatoka kwenda kukaa na ng'ombe ndio apumzike. Sasa sina ulimi wote. Walinikata upande wa kulia, na nikisema "chai" watoto wa jirani wanasikia kitu kingine, wanacheka. Nami nacheka nao, kwa sababu kulia nimelia mpaka nimechoka. Kuandika ndiyo njia niliyobaki nayo ya kuongea bila mtu kunikatiza, "Ati nini?" Kwa hivyo wewe mwenye kidonda mdomoni, wewe mwenye uvimbe shingoni unayejiambia utaisha wenyewe, keti hapa tuongee. Hata mimi nilijiambia hivyo hivyo.

Kilianza wakati wa kupanda mahindi. Kidonda kidogo upande wa ulimi, kule nyuma, kikitazamana na jino lililovunjika likabaki na ncha. Kilikuwa kinachoma nikinywa chai ya moto au nikila pilipili, basi. Nikasema ni jino linanikata. Palizi ya kwanza ikaisha, kidonda kipo. Palizi ya pili, kipo. Nikaenda Bungoma mjini jino likang'olewa. Pengo likapona vizuri, nyama ikajifunga, lakini kidonda kikabaki pale pale, na kingo zake zikawa ngumu. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Jino limeenda, sasa kidonda kinangoja nani? Sikujiuliza.

Halafu sikio. Sikio la kulia, upande ule ule wa kidonda, likaanza kuniuma. Halikuwa na usaha, lilisikia vizuri, ila maumivu yalikuwa yanapanda kutoka kooni yanaingia ndani kabisa. Jirani akaniwekea mafuta ya uvuguvugu. Nikanunua dawa ya matone dukani. Nilikuwa natibu sikio zima, na mgonjwa alikuwa ulimi.

Mahindi yalipotoa ndevu, nikiwa naoga, mkono wangu ukagusa kitu chini ya taya. Kilikuwa kama njugu mawe, kigumu, hakisogei. Nikakibonyeza. Hakikuuma hata. Nikashukuru Mungu kweli kweli, nikasema kama hakiumi si kitu. Sisi tumefundishwa kuogopa kinachouma. Kile kisichouma tunakipa kiti na tunakipikia.

Nikaanza kujifunga leso shingoni.

Sasa nikuambie jambo lingine, halafu ushike kichwa. Mume wa binti yangu Nanjala, kijana anaitwa Simiyu, ni daktari katika kituo cha afya upande wa Kitale. Wanaishi Matisi, mtaa wa huko huko Kitale. Utaniuliza, "Mama, una mkwe daktari, ulikuwa unangoja nini?" Kama umeuliza hivyo, wewe si Mbukusu.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Simiyu akija, mimi naingia jikoni. Ananisalimia akiwa nje, naitikia nikiwa ndani, ukuta katikati yetu. Tukikutana njiani, mmoja wetu anapisha kando na kuangalia shamba la watu. Nikienda Kitale silali kwake, nalala kwa dada mmoja wa kanisa, mageti machache kutoka kwake, na Nanjala ananiletea chakula huko. Mdomo wa mama mkwe ukitafuna mbele ya mkwe ni kama ametoka bila nguo. Na usifikiri nilionewa. Niliipenda hiyo heshima. Nilijivunia mkwe anayejua kusimama mbali.

Krismasi ile walikuja nyumbani. Simiyu akasimama kwenye kivuli cha jikoni, akanisalimia kama kawaida. Nikaitikia. Halafu akauliza kupitia ukutani, "Mama, mbona sauti yako imekuwa nzito? Kama unaongea na kitu mdomoni."

"Ni kidonda tu. Jino lilinikata."

"Jino bado liko?"

"Lilitoka zamani, bana."

"Na kidonda kilianza lini?"

"Wakati wa kupanda."

Nilisikia akisogea karibu na ukuta. "Sikio linauma?"

Nikashtuka, kwa sababu hilo sikuwa nimemwambia hata Nanjala. "La kulia."

"Na kidonda ni cha kulia." Hakuuliza, alisema tu. "Mama, nataka kuona."

Makokha alikuwa ameketi nje na chai yake. Kikombe kikagonga kiti. "Simiyu! Wewe umerogwa? Hiyo ni mdomo ya mama mkwe yako! Unataka kuona nini huko ndani?"

"Baba, pole. Basi aende kwa daktari mwingine. Lakini aende kesho, si mwaka ujao."

Nami nikamjibu Simiyu kutoka jikoni, haraka, kabla mambo hayajaharibika zaidi, "Nitaenda, baba. Si nimesema nitaenda?" Ukweli nilikuwa upande wa mzee wangu. Aibu ilikuwa imenijaa masikioni, na sikusikia hofu iliyokuwa katika sauti ya yule kijana.

Nilienda kliniki moja, mwaka ulipoanza. Benchi lilijaa mpaka nje. Nilipofikiwa, nikasema, "Jino lilinikata ulimi." Aliyenihudumia alikuwa amechoka, alichungulia kidogo, akanipa maji ya kusukutua na vidonge. Leso sikufungua. Hakuuliza, na mimi Redio mzima siku hiyo nikanyamaza. Nikarudi nyumbani nikisukutua.

Kiangazi kile ndicho kilinimaliza. Ugali ulikataa kupita. Nikawa nakula mrenda peke yake kwa sababu unateleza. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni, nikazifunga kwa kamba. Kanisani nikahama kiti cha mbele, nikakaa karibu na mlango, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umeanza kunuka na nilikuwa naujua mimi wa kwanza. Siku moja Makokha akasema, "Mama Nanjala, si uoshe mdomo vizuri?" Nilikuwa nimeosha mara nne tangu asubuhi. Nikamwangalia, akaona amesema nini, akainamisha kichwa. Hakuna aliyeomba msamaha. Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mtu kwa kona yake.

Kisha nikaona damu kwenye kijiko.

Nilimpeleka Makokha nyuma ya nyumba, nikamwonyesha mahali, chini kidogo ya migomba. Nikamwambia, "Unizike hapa. Usiniweke karibu na barabara, vumbi itanisumbua." Mzee alitupa jembe chini, akaenda kwa ng'ombe, hakurudi mpaka jua likazama. Nilibaki pale nikiangalia ile nyasi. Ee Mungu, nilikuwa naogopa. Sikuwa na imani yoyote siku hiyo. Nilikuwa na woga tu, mtupu, kama wa mtoto.

Nanjala alikuja wiki hiyo. Akaniona nikitema damu, akanivuta mkono. "Mama, unaficha nini? Mficha uchi hazai!"

"Mimi nishazaa," nikamjibu. "Wewe ndio ushahidi."

Hakucheka. Alifungua leso yangu kwa nguvu, akaona shingo. Ile njugu mawe ilikuwa imekuwa yai. Binti yangu alipiga nduru moja, akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Sasa, kwetu kuna njia ya kulegeza ile heshima. Mkwe anakuja na wazee wake, analeta blanketi kwa mama mkwe, watu wanaongea, wanakula, na mwisho ndio mnapeana mkono. Ni jambo la kupangwa polepole. Simiyu alikuja Jumamosi adhuhuri, peke yake na Nanjala, blanketi jekundu kwapani likiwa bado ndani ya nailoni yake.

Niliposikia sauti yake nikaanza kukimbilia jikoni.

"Mama, usiingie."

Nikasimama mlangoni, nimempa mgongo.

"Nimekuja kulegeza," akasema.

"Wazee wako wapi?" Makokha akauliza.

"Wazee watakuja, na watanipiga faini, na nitaitoa. Lakini wakimaliza kupanga siku, Mama atakuwa amekufa."

Neno hilo hakuna mtu alikuwa amelitaja kwa boma letu. Tulikuwa tunalizunguka kama shimo. Makokha alitaka kusema kitu. Akaketi.

Simiyu akanifunika blanketi mabegani, jua lile la kiangazi likiwaka. Akaninyooshea mkono. Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kuugusa mkono ule. Ulikuwa wa baridi.

"Keti, Mama. Fungua mdomo."

Jamani. Nimezaa watoto wanne mbele ya wakunga na sijaona aibu kama ile. Nilifumba macho, nikafungua. Harufu ikatoka, niliisikia mwenyewe, nikatamani ardhi inimeze. Simiyu hakugeuza uso. Alimulika kwa simu yake. Akaniambia nitoe ulimi. Ukakataa kunyooka, ukaenda kando. Akavaa glavu, akagusa kingo za kidonda, halafu akashuka kwenye shingo.

"Hii iko tangu lini?"

"Mahindi yakitoa ndevu."

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo."

"Eeh," akasema polepole. "Hizi huwa haziumi."

Akavua glavu, akaenda nyuma ya ghala. Nanjala akamfuata. Nikasikia mwanaume akipenga kamasi. Hapo nikajua. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa sawa. "Mama, hii si ya jino. Jumatatu tuko hospitali, na safari hii mimi ndiye nitaongea."

Kitale walinikata kipande kidogo cha ulimi wakapeleka kupimwa. Kungoja jibu nisikutakie, hata kama wewe ni adui yangu. Nilikuwa naamka nikiwa sijalala. Mvua ya kupanda ikaanza na majirani wakaingia mashambani, na mimi ndio mara ya kwanza maishani sikushika mbegu. Jibu likaja: saratani. Daktari aliongea mambo mengi baada ya hapo. Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani yenye picha ya ndizi, na mpaka leo nikiona ndizi sokoni napita mbali.

Tukaelekezwa Eldoret kwenye wataalamu. Huko ni benchi juu ya benchi. Benchi la kadi, benchi la picha, benchi la damu. Nilikaa na mwanaume wa Lwakhakha, mwuza mitumba. Sauti yake ilikuwa imekauka karibu mwaka mzima, akasema ni vumbi la mpakani na kuita wateja. Alikuwa akinong'ona kama anayekuambia siri. Palikuwa na msichana wa kutoka mlimani, umri wa kitinda mimba wangu. Pua yake iliziba upande mmoja na kutoa damu kidogo kidogo, sikio likaziba, akatibiwa homa na mafua mpaka shingo ikavimba. Tukaangaliana sisi watatu. Kila mmoja alikuwa na jina zuri alilopatia ugonjwa wake: jino, vumbi, mafua.

Walinifanyia upasuaji mahindi ya wenzangu yakiwa magotini. Niliamka nikajaribu kumwita Nanjala, ikatoka sauti ya ng'ombe. Nikajaribu tena. Ng'ombe. Nikageukia ukuta. Shingo ilikuwa imeshonwa kutoka sikioni mpaka kidevuni, bega la kulia halikupanda, na puani palikuwa na mpira wa kupitishia uji. Makokha alipokuja alisimama mbali na kitanda, akiwa ameshika kofia. Hakuweza kuniangalia. Alichukua leso yangu iliyokuwa na damu na mate, akaenda nayo. Nikafikiri amekimbia. Akarudi nayo ikiwa imefuliwa, mbichi, na harufu ya sabuni ya mche. Maishani mwetu yote huyo mwanaume hakuwahi kufua hata soksi. Siku zote alizokuja, alifua ile leso.

Kisha mionzi. Wanakutengenezea barakoa ya plastiki yenye umbo la uso wako mwenyewe, wanakulaza, wanaifunga kwenye meza hata kichwa kisitikisike. Mara ya kwanza nilifikiri nimezikwa nikiwa hai. Haiumi pale mezani. Uchungu unakuja baadaye, ukiwa umeanza kuamini utapona. Koo likaungua ndani, shingo ikawa nyeusi na kubambuka, mate yakawa kama gundi, halafu yakaisha kabisa. Ladha ikaondoka. Kuna asubuhi nilimwambia Nanjala kwa kuandika kwenye kiganja chake: *Nitoe hapa nife.* Akafunga kiganja, akasema, "Sijasoma." Akanivalisha viatu, tukaenda mionzi. Siku hiyo msichana wa mlimani hakuwa kwenye benchi. Kesho yake pia hakuwepo. Muuguzi mmoja, ambaye alikuwa akinipangusia midomo kwa kitambaa cha maji bila kuombwa, alinishika bega tu.

Nilipoachiliwa sikuweza kufika Malakisi. Nikapelekwa Matisi, nyumbani kwa mkwe wangu. Nililala chini ya paa la Simiyu. Yeye ndiye alikuwa anasafisha ule mpira na kumimina uji, asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Nilikuwa nageuza uso. Hata yeye alikuwa anaangalia ukuta mara nyingine, maskini, tukiwa wawili hatujui kama tumebaki watu wa heshima.

Na maneno hayakukosa. Nyumbani watu walisema ati ugonjwa ulinishika kwa sababu mkwe alinitazama mdomoni. Nilipoambiwa nilitaka kutupa kikombe. Ugonjwa ulikuja na mvua ya kupanda, blanketi likaja kiangazi kilichofuata. Hesabu hiyo hata kuku anaiweza!

Wazee walikuja mwishowe, Matisi huko huko, wakaketi kwenye sofa za Nanjala. Wakasema Simiyu ametoboa heshima peke yake, kwa hivyo atoe faini ya kondoo. Simiyu akakubali. Ndipo Makokha akasimama. "Kondoo atatoka kwangu," akasema. "Huyu alibisha hodi Krismasi. Mimi ndiye nilimfungia mlango." Akaketi. Hakuniangalia, nami sikumwangalia, kwa sababu mlango ule tulikuwa tumeushikilia wawili.

Mpira ulipotolewa, Simiyu alisema lazima nijaribu kumeza, na lazima yeye aone, nisije nikapaliwa. Nanjala akaleta bakuli la uji wa wimbi. Akakaa mkwe wangu mbele yangu, magoti karibu yaguse yangu. Nikachukua kijiko. Uji ukaingia, nusu ukatoka upande usio na ulimi, ukatiririka kidevuni mpaka kwenye nguo. Nikafunika uso. Simiyu akavuta bakuli, akachota kijiko kile kile, akala. Akanirudishia. "Ni nzito kidogo," akamwambia Nanjala, "ongeza maziwa." Nikala. Nilikula nikilia, mbele ya mkwe wangu, mpaka bakuli likaisha.

Sijui kama nimepona. Naenda kuangaliwa, na kila nikingoja jibu nakufa kidogo. Mate hayajarudi, natembea na chupa ya maji kama mtoto wa shule. Mwuza mitumba wa Lwakhakha alinitumia ujumbe mahindi yalipokauka, halafu akanyamaza. Kwa hivyo sikudanganyi kwamba mambo ni mazuri. Nakuambia tu: kidonda cha mdomo kikipita wiki tatu, sauti ikikauka isirudi, pua ikiziba upande mmoja, sikio lisilo na ugonjwa likiuma, uvimbe wa shingo hata kama hauumi, hasa kama hauumi, nenda. Fungua leso. Sema yote, na wakikurudisha na maji ya kusukutua, rudi tena. Usingoje mtu akuletee blanketi.

Siku hizi tuko nyumbani Malakisi. Jumapili moja kila mwezi Simiyu na Nanjala wanakuja baada ya kanisa. Nawekewa kiti nje, blanketi jekundu magotini. Simiyu anavaa glavu. Nashikilia kiti kabla hajanigusa, kila mara, sijazoea. Anahitaji mikono yote miwili, kwa hivyo kuna mtu wa kushika tochi, na huyo ni mzee wangu. Anainama mpaka kofia yake inagusa paji langu, na anamulika ndani kabisa.

"Panua, Redio," ananiambia. "Panua tuone."

Nafungua.